Wajina wa Takiti

Canton, Ohio
12 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako aliye mbali. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kunionyesha meno na bado ni Oktoba. Magoti yanaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Mwambie Gladwell wa saiba asante kwa kukuchapishia barua zangu na kunitumia zako. Najua anazisoma zote kabla hazijakufikia. Gladwell, salamu.

Tangu masikio yako yazibe naikosa sauti yako kwenye simu, Baba, lakini ubishi wako umebaki vilevile. Kurasa mbili nzima, ati Jim Plunkett anastahili kuingia Jumba la Mashujaa wa mpira wa Kimarekani na Eli Manning angoje nje! Wote wawili wameshinda fainali kuu, Super Bowl, mara mbili. Plunkett akiingia, Manning utamzuia kwa lipi? Unasema alishindwa mara nyingi sawa na alizoshinda, mia na kumi na saba kwa mia na kumi na saba. Na huyo Plunkett wako? Sabini na mbili kwa sabini na mbili. Nimehesabu mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu usinikasirikie.

Wenzangu kazini wanacheka wakisikia kwamba kuna mzee Chogoria, chini ya Mlima Kenya, anayebishana juu ya makwotabeki waliostaafu, wale wanaoushika mpira na kuiongoza timu. Nawaambia kosa ni la yule mwalimu wa kujitolea kutoka Ohio uliyefundisha naye miaka ya themanini, aliyerudi kwao akakuachia televisheni, deki na kanda moja tu ya video. Mechi moja, na ukapotelea humo.

Sasa keti. Wiki iliyopita makao ya wazee ninakofanya kazi yalipokea mgeni, mzee wa miaka sabini na minane, mrefu, mabega mapana, kumbukumbu karibu yote imemtoka. Nikitandika kitanda chake nikaona picha mezani. Jezi ya kijani, namba kumi na moja, theluji. Baba, ni Orrin Tackett. Yule yule wa kanda yako. Yule uliyempa kaka jina lake.

Nilisimama pale na shuka mkononi nikamlilia Takiti wetu kana kwamba amepotea jana. Miaka ishirini, na mlima haujarudisha hata kofia yake. Mzee sijamwambia neno. Nimwambie?

Binti yako,
Gaceri

*

Chogoria
20 Oktoba 2024

Binti yangu Gaceri,

Salamu kwako katika jina la Bwana aliyekulinda huko kwenye friji ya dunia. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, ambayo sasa yana umri wao wenyewe. Ng'ombe alizaa dume, hasara tupu. Gladwell anasema yeye hasomi barua za watu, na anakusalimu pia.

Barua yako niliianza nimeketi nikaimaliza nimesimama. Kisha nimetembea nayo shambani mpaka wachumaji majani chai wakanijia kuuliza kama kuna msiba. Orrin Tackett! Mungu ana mambo.

Kwanza tumalize la Plunkett, usidhani nitasahau. Mtoto wa wazazi wawili vipofu, Gaceri. Timu moja ikamchoka, ya pili ikamtupa kama jivu, akaokotwa na ya tatu akiwa amepita miaka thelathini, akashinda. Huyo Manning wako ana ukoo mzima wa warusha mpira, alizaliwa sebuleni tayari. Heshima ni ya aliyeanguka akainuka.

Na kwa sababu hiyo hiyo, juu ya wote namweka Tackett. Najua hakushinda kombe lolote. Lakini wewe umeiona ile kanda. Kipindi cha tatu, wanamwangukia watu watatu, theluji inaruka, analala pale mpaka unadhani amekufa. Kisha anaweka goti, anaweka mkono, anainuka, anarusha. Walishindwa kwa pointi moja. Jumba likijaa wenye makombe tu, hilo ni jumba la wenye bahati.

Deki imeungua. Nimeipeleka Nyeri kwa fundi Farid, karibu na soko, mtu wa pekee aliyebaki kuuzunguka mlima huu asiyecheka akiona deki. Ananiambia ningoje kipuri.

Habari za Takiti usimwambie. Muulize jambo moja tu: siku ile amelala kwenye theluji, alikuwa anafikiria nini? Nimejiuliza swali hilo miaka arobaini.

Baba yako,
Mwirigi

*

Canton
9 Novemba 2024

Baba,

Salamu, na pole na magoti. Mimi nina afya ya mwili. Ya roho sijui, nitakueleza uamue.

Nilimuuliza Jumatatu baada ya chai ya saa nne. Jua lilikuwa linaingia dirishani, watu wanacheza karata, hakuna kitu cha kutisha popote. Alitazama karata za wenzake nikadhani amesahau swali. Halafu akasema, "Sijainuka bado." Nikacheka kidogo, nikamwambia mzee uliinuka, Baba yangu amekuona mara elfu. Akatikisa kichwa. Akasema ana baridi, mzigo ni mzito, na kamba imemkata begani. Akajishika bega la kulia.

Kisha akanitazama usoni, Baba, akasema kwa Kiswahili, "Kijiko, umekunywa chai?"

Ni nani mwingine duniani aliyeniita Kijiko? Kaka peke yake, kwa sababu nilikuwa nalamba kijiko cha uji mpaka kinang'aa. Mama alinikataza kulitaja jina hilo tangu kaka apotee, na Mama mwenyewe ni marehemu. Nimemuuliza binti wa mzee kama babake amewahi kufika Afrika. Akasema hata ndege alikuwa anaiogopa.

Kuna la pili. Juzi gari letu liliwapeleka wazee sita kutembelea Jumba la Mashujaa, si mbali na hapa. Kuna chumba walimoweka vichwa vya shaba vya wote waliotukuzwa, safu kwa safu, taa hafifu. Nilidhani mzee atawatafuta wenzake wa zamani. Aliwapita wote. Akaenda mpaka mwisho, kwenye rafu ambayo bado haina kichwa, akainama akaingiza uso wake pale kama mtu anayechungulia pangoni. Nikamshika mkono nimtoe. Ulikuwa baridi kama nyama ya buchari.

"Hapa hatuenei wawili," akaniambia, kwa Kiingereza sasa, kwa upole kabisa.

Naogopa, Baba. Niambie ninaota.

Binti yako,
Gaceri

*

Chogoria
17 Novemba 2024

Gaceri,

Salamu. Mimi ni mzima.

Barua yako imenikasirisha. Nimemwambia Gladwell aichane, akakataa. Kaka yako alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watalii, alipotelea kwenye ukungu akiwa na miaka kumi na tisa, na tulimtafuta siku tisa. Hilo si jambo la kutungia hadithi kwa sababu ya upweke wa Amerika. Wewe huenda ulitaja hilo jina la Kijiko usingizini, au mzee alikusikia ukizungumza kwenye simu.

Hayo niliyaandika Jumatano. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, na sikuweza kusali.

Kuna jambo ambalo mama yako alinilaumu kwalo mpaka akaingia kaburini. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake. Takiti alipaswa kuwa Njeru, baba yangu mzazi. Mimi nilikuwa kijana mwalimu, kichwa kimejaa ile kanda, nikasema mwanangu ataitwa jina la mtu anayeinuka. Baba yangu aliondoka bila kumaliza uji wake, na hakukanyaga tena kwangu.

Hata hivyo, kumpa mtoto jina la mtu baki aliye hai si dhambi, mradi umalize kazi. Mtoto hupelekwa kwa wajina wake kabla hajang'oa meno ya utoto. Wajina humweka magotini, huonja asali, humtemea mate kifuani, humwambia jina sasa ni lako, nenda nalo. Hapo jina limekatwa, kila mmoja ana lake. Lisipokatwa, wazee walisema, ni blanketi moja juu ya watu wawili, mmoja akilivuta mwingine anapata baridi.

Mimi ningempeleka wapi? Ohio? Nikacheka tu. Majuto ni mjukuu.

Muulize jambo moja ambalo hakuna aliyelisikia ila mimi na Takiti. Asubuhi ile anaondoka, nilimwambia nini langoni? Akikosea, tumalize mchezo huu, turudi kwa Plunkett.

Baba yako

*

Canton
1 Desemba 2024

Baba yangu,

Salamu zangu za upendo, na uzipokee ukiwa umeketi. Gladwell, kama unasoma, tafadhali mpelekee mwenyewe na umkalie karibu.

Nilimuuliza jana wakati wa kumkata kucha. Kwanza alisema kwa Kiingereza kwamba hana lango, anaishi ghorofani. Nikashusha pumzi. Halafu akauvuta mkono wake nikaweka mkasi chini. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kijana, sauti inayopasuka kidogo katikati kama ile ya kaka:

"Nilimwambia anibadilishie jina. Nikamwambia watu wananicheka, na huyo mtu wako hata hakushinda kitu. Akaniambia, usirudi hapa mpaka ulistahili hilo jina."

Kisha akaniuliza mimi, machozi yakimtoka, "Kijiko, nimelistahili sasa? Naweza kurudi?"

Baba, sema si kweli. Sema hukumwambia hivyo.

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema huko mlimani, juu ya Ziwa Michaelson, mahali kijito kinapoingia chini ya jiwe kubwa lililopasuka, upande wa kushoto ukipanda. Alitoka njiani kufunga mzigo upya, ukungu ukashuka, akateleza. Anasema anawasikia wapagazi wakipita juu yake wakiimba. Anasema amevaa viatu vyako.

Mzee alipozinduka aliniuliza kwa nini analia. Nilimfuta machozi, nikamalizia kucha.

Gaceri wako

*

Canton
22 Desemba 2024

Baba, salamu za Krismasi. Wiki tatu kimya. Gladwell ananiandikia kwamba ulifunga lango na unazunguka shambani peke yako, na chakula unakirudisha. Sikulaumu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sijui mlikuwa mmekasirishana kiasi gani. Niandikie hata mstari mmoja. Binti yako.

*

Chogoria
19 Januari 2025

Binti yangu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Mimi ni mzima, nina nguvu kama kijana, hata magoti yameniacha nipumue.

Nilimwambia hivyo. Neno kwa neno. Nilidhani nitakufa nalo.

Ilikuwa kweli alivaa viatu vyangu vya kufundishia, vile nilivyovipiga kisigino cha tairi mwenyewe, misumari saba kila upande. Polisi sikuwaambia kamwe. Niliwaambia viatu vya kawaida, kwa sababu niliona haya kwamba aliondoka na vyangu bila ruhusa na mimi nikampigia kelele kwa hilo pia.

Nilimtafuta Mburu, aliyekuwa mpagazi naye siku ile na sasa ni kiongozi wa wapanda mlima. Nilimpa maneno yako kama yalivyo. Hakuniuliza nimeyatoa wapi. Alikwenda na askari wawili wa hifadhi, na siku ya tatu wakateremka na gunia jeupe. Jiwe lililopasuka, upande wa kushoto. Walinipa kiatu nikahesabu. Misumari saba.

Sasa yuko chumba cha maiti. Mchungaji anataka tuzike mara moja. Nimemkatalia.

Sikiliza vizuri, Gaceri. Mimi sisikii mtu yeyote, hata radi inanipita. Lakini mwanangu anazungumza, na wewe unaandika, na mimi ninasoma. Miaka ishirini nimekuwa baba wa ukungu. Usimwambie mzee neno la jina kukatwa, usimpe asali wala baraka yoyote. Akipewa baraka atanyamaza, na mimi nitabaki na nini? Misumari?

Nimekuandikia maswali kumi na mawili, yako nyuma ya karatasi hii. La kwanza: alikula nini siku ya mwisho. La pili: je, mama yake yuko naye. Mengine utayaona. Muulize mawili kila wiki, asubuhi, akiwa ameshiba. Wiki ijayo nitatuma mengine.

Nimeamka leo nikicheka. Waambie Waamerika wako mzee wa Chogoria anacheka.

Baba yako,
Mwirigi

*

Canton
8 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini magoti bado yamekuachia. Huku tuko wazima wengine, na mmoja si mzima.

Nikupe habari za dunia kwanza, kwa sababu nyingine zitakuuma. Jumba la Mashujaa wametangaza. Mwaka huu wameingiza wanne tu. Manning hayumo. Plunkett wako naye yuko nje bado. Kwa hiyo tumeshindwa sote wawili, tupeane mkono.

Maswali yako nimeuliza manne. Alikula chapati na chai isiyo na maziwa. Mama hayuko naye, anasema huko hakuna mtu, ni maji tu yanapita. Majibu mawili mengine sitayaandika. Sitauliza tena, Baba.

Ncha za vidole vya mzee zimekuwa nyeusi. Daktari anasema vidole huwa hivyo kwa mtu aliyelala kwenye barafu, na mzee wa watu hajatoka nje tangu Novemba. Chumba chake kina baridi mpaka wahudumu wanaingia na makoti, na mashine ya joto inafanya kazi, fundi amekuja mara tatu. Halali. Anakaa kitandani akishika bega. Kila nikiingia, kabla sijafungua mdomo, ananiuliza lile swali moja. Naweza kurudi? Nimejaribu kumjibu mimi. Nimemwambia ndiyo kaka, rudi, unastahili. Ananitazama kwa huruma. "Si wewe uliyenikataza," anasema.

Juzi alikuwa yeye mwenyewe kwa dakika chache, Orrin Tackett, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Akanishika mkono akasema, "Msichana, kuna kijana amesimama ndani yangu. Simchukii. Lakini amechoka kusimama, na mimi nimechoka kumbeba. Mwambie mtu amwambie aketi."

Baba, ninakupenda, na siku zote hizi nimekuwa nikikuogopa kidogo, na leo nimekasirika. Uliwaweka kwenye kanda ukawa unawaangusha na kuwainua unavyotaka, mtu na mwanao. Hao wawili wako kwenye baridi kwa ajili ya masikio yako. Neno analolingoja ni lako wewe. Sitampa asali bila wewe kulisema, kwa sababu haitafaa kitu. Lakini sitauliza swali lingine hata moja.

Binti yako anayekupenda,
Gaceri

*

Chogoria
17 Februari 2025

Gaceri,

Nimepokea. Sikukuandikia mapema kwa sababu ya hasira, na hasira ikanitoka Alhamisi, nitakwambia ilivyotoka.

Farid alimpigia Gladwell simu kwamba deki imepona. Nilikwenda Nyeri nikaichukua, na kwa kuwa macho ya Farid ni mazuri kuliko yangu, nikamwambia tuijaribu pale pale dukani, mchana, wateja wakiwepo. Nikaweka kanda. Mechi ile ile. Kipindi cha kwanza sawa, cha pili sawa. Kipindi cha tatu wakamwangukia watu watatu, theluji ikaruka, akalala.

Hakuinuka, Gaceri.

Nilingoja goti. Nilingoja mkono. Mechi ikaendelea, wakacheza kumzunguka, wakamruka, mpira ukapita juu yake, watu wakashangilia, hakuna aliyemtazama. Mpaka kanda ikaisha yeye amelala pale na theluji inamfunika. Farid akaandika kwenye kijikaratasi, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza nami: "Mzee, huyu aliumia? Mbona wamemwacha?"

Nilivuta kiti nikalia mbele ya watu wa Nyeri. Farid alifunga duka kidogo akanipa maji.

Nimebishana miaka arobaini nani anastahili na nani hastahili, kana kwamba nimekabidhiwa funguo. Mwanangu alisimama langoni pangu akingoja kura yangu moja. Ningempa, ingegharimu nini?

Fanya hivi. Tunazika Jumamosi, tarehe moja Machi, saa tano asubuhi. Kwenu itakuwa bado usiku, niwie radhi. Tafuta asali yoyote, hata ya dukani. Keti sakafuni mbele ya mzee, mahali pa kaka yako, kwa kuwa yeye hawezi kuja. Mwambie mzee asante kwa kumbeba. Kisha umwambie Takiti maneno haya, usiongeze wala kupunguza: Baba anasema alikosa. Jina lilikuwa lako tangu siku uliyozaliwa. Hukuhitaji kufanya lolote ulistahili. Rudi nyumbani, lango liko wazi.

Msalabani nimeandikisha Takiti Njeru. Baba yangu naye apate kumaliza uji wake.

Baba yako

*

Canton
2 Machi 2025

Baba,

Pole kwa mazishi. Nilikuwa nanyi.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikuwa na kopo la asali la dukani, umbo la dubu, ningecheka siku nyingine. Niliketi sakafuni. Nilisema asante, kisha nikasema maneno yako. Mzee alifumba macho. Nilimpa asali kwa kijiko. Mate sikumwambia, Baba, niliona haya kumwambia Mmarekani mambo ya mate. Alionja, akafungua macho, akanitemea kidogo kifuani, kama wazee wetu kabisa, akaweka mkono mzito kichwani pangu. "Ni lako," akasema. "Nenda nalo."

Chumba kikapata joto mpaka nikavua sweta.

Alilala saa kumi na moja mfululizo. Leo vidole vina damu. Amekula mayai mawili, ametazama mpira wa kikapu, na nilipomletea chai alinitazama kwa adabu akaniuliza, "Wewe ni nani, dada?" Nilikwenda chumba cha kufulia nikalia. Hakuna tena mtu wa kuniita Kijiko.

Niambie ilivyokuwa huko.

Binti yako,
Gaceri

*

Chogoria
9 Machi 2025

Gaceri, mtoto wangu,

Salamu nyingi, na shukrani ambazo sina karatasi ya kuzitosha. Magoti yamerudi kuuma, kwa hiyo mambo ni ya kawaida.

Watu walikuja wengi, hata Farid alitoka Nyeri na mkewe Rehana, wakakaa nyuma na kuinama tulipoinama. Mburu na wapagazi wenzake walibeba jeneza na wakaimba ule wimbo wao wa njiani. Nimeambiwa waliimba vizuri. Niliona midomo tu.

Jioni nilitazama kanda. Akaanguka, akaweka goti, akaweka mkono, akainuka, akarusha. Wakashindwa kwa pointi moja kama kawaida. Sijui Farid aliona nini siku ile, na sitamuuliza. Tackett nimemwondoa kwenye orodha yangu. Asiingie Jumba lolote, apumzike, amebeba vya kutosha. Plunkett bado anaingia, na kwa ajili yako nimemruhusu Manning, aingie nyuma yake.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia hata mchungaji. Asubuhi ya mazishi, kabla gari la maiti halijafika, nilikuwa jikoni peke yangu nimepika chai. Nilimimina vikombe viwili bila kufikiri. Na nikasikia lango.

Nilisikia, Gaceri. Mimi. Ile bawaba iliyokosa mafuta, kisha viatu kwenye kokoto, vizito kwa sababu ya visigino vya tairi. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta ni masikio yangu tu. Vikaja mpaka mlangoni nyuma yangu, vikasimama, kama mtu anayengoja kukaribishwa kwao. Nikasema, karibu, baba yangu, ingia, chai iko tayari. Nikamwita baba yangu kama tunavyomwita mtoto aliyebeba jina la babu, na nilikuwa sijawahi kumwita hivyo hata siku moja.

Kiti kikavutwa. Tukanywa.

Tangu hapo sijasikia tena kitu chochote, na sidai. Nilipogeuka kikombe chake kilikuwa kitupu, na mlango uko wazi kuelekea mlimani. Ila kabla ya hapo aliniuliza swali moja, kwa sauti ile inayopasuka katikati. Aliuliza kama Kijiko amekunywa chai. Nikamwambia yuko mbali, lakini nitamwandikia.

Kunywa chai, mwanangu.

Baba yenu,
Mwirigi